Benki Inakuja, Mama Mkwe Haondoki

Wiki iliyopita mliniacha nimeshika simu, jasho linanitoka, dada wa benki ananiambia kwamba kadi yangu imefungwa na kila kilichomo ndani yake kimefungwa nayo. Baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama nimekamatwa. Sijakamatwa. Mmoja ameandika kwamba ningekamatwa ingekuwa afadhali, na huyo namjua, ni jirani yangu wa ghorofa ya pili.

Kwa aliyeliokota gazeti hili kwa kinyozi na hajui tunazungumza nini, habari ni hii.

Mimi ni fundi makochi. Benki ilinipa kadi ya mkopo, ile ambayo kila ukinunua kitu unapata pointi, na pointi zikijaa unapewa tiketi ya ndege. Mke wangu hajawahi kupanda ndege. Nilimwahidi siku ya harusi yetu, na pacha wetu sasa wanavaa viatu vya saizi yangu.

Basi nikaanza kuwanunulia watu. Jirani anataka friji, ananiletea fedha taslimu, mimi napitisha kadi, yeye anaondoka na friji, mimi nabaki na pointi. Mwingine matairi, mwingine ada ya shule. Mtaa ukaniita Bwana Kadi, na mimi bila haya nikaitika.

Halafu akaja mama mkwe.

Mama mkwe ana duka la dobi. Mashine zake zimezeeka, moja ikianza kukamua nguo inatembea yenyewe mpaka mlangoni. Amedunduliza muda mrefu ili anunue mpya. Benki haziamini hata kidogo, tangu siku mashine ya kutolea fedha ilipomeza kadi yake akaambiwa arudi Jumatatu. Kwao, tangu baba mkwe yu hai, akiba hushonewa ndani ya kochi. Wanasema mwizi atabeba televisheni, hatakaa chini kufumua kochi.

Akaniletea fedha zake kwenye foronya nyeupe. Akavuta stuli, akakaa, akanitazama nikizishonea chini ya kiti cha kochi letu la sebuleni mpaka nilipokata uzi. Akaenda zake ameridhika.

Kesho yake nikalifumua.

Nilifumua kwa nia njema, naomba hilo lieleweke. Muuza mashine za dobi anapokea kadi. Mashine hizo peke yazo zingenijazia tiketi ya pili. Ila kikomo cha kadi yangu kilikuwa kidogo, kwa hiyo nikawa nazipeleka fedha za mama mkwe benki mapema, leo kidogo, kesho kidogo, ili kadi iwe na nafasi. Wenzangu wanafungiwa kadi kwa sababu wanadaiwa. Mimi nimefungiwa kadi huku benki ndiyo iliyokalia fedha zetu.

Wenyewe wanaita uhakiki wa hali ya kifedha. Wameona fundi makochi anatumia kama waziri, tena analipa kwa noti, wakashtuka. Nikishindwa kuonyesha zinakotoka, zinabaki hukohuko mpaka watakapojisikia kuziachia. Na muuza mashine ameshasema mwisho wake ni Ijumaa, ana mteja mwingine anamsubiri.

Tulifikia hapo. Dada wa benki bado yuko kwenye simu.

"Kwenye fomu umeandika wewe ni mkurugenzi," akasema.

"Ndiyo."

"Mkurugenzi wa nini?"

"Sekta ya samani."

"Una wafanyakazi wangapi?"

Nikatazama karakana yangu, ambayo ni baraza ya nyumba niliyoizungushia turubai. Nilikuwa mimi na cherehani.

"Tunapunguza wafanyakazi kwa sasa," nikasema.

Nadhani alikuwa anaandika, au anacheka na kuficha kipaza sauti. "Sawa, bwana mkurugenzi. Hizi fedha ulizokuwa unaziingiza mwezi huu ni za nani?"

Hapo nikaamua kusema kweli. Katika mkasa huu wote nimesema kweli mara chache sana, na kila mara imeniponza.

"Ni za mama mkwe wangu."

"Vizuri. Hilo ni jambo rahisi. Mama mkwe akithibitisha kwa mdomo wake kwamba ni zake na alikupa kwa hiari, naifungua kadi siku hiyohiyo. Naweza kuongea naye?"

Ndugu msomaji, hebu vaa viatu vyangu. Mama mkwe athibitishe kwa mdomo wake kwamba fedha zake ziko benki, wakati yeye anajua ziko chini ya kiti cha kochi. Ningepata kadi, ningepoteza mke, mkwe na pengine jino moja la mbele.

"Amesafiri," nikasema.

"Basi nitakuja mwenyewe kuona shughuli yako, nipate na namba ya mama. Nipo eneo lenu kesho mchana."

Akakata simu kabla sijasafiri na mimi.

Usiku ule nililala vizuri, msinionee huruma ya bure. Nilikuwa na mpango. Mama mkwe alikuwa na tabia, tangu ile siku ya kushona, ya kufunga dobi yake jioni na kuja kukaa kwenye lile kochi. Kwa mdomo alisema anakuja kutuona. Machoni tulijua anakuja kulinda. Lakini mchana huwa dukani kwake, na mgeni wangu anakuja mchana. Wasingekutana.

Asubuhi nikaazima makochi mabovu ya majirani, nikayapanga barazani mpaka hapapitiki, ionekane kazi imenielemea. Jirani wa friji akaniletea hata kochi la mbwa wake. Mke wangu alikuwa ameshatoka kwenda kazini, kwenye kliniki ya meno anakopokea wagonjwa. Nikavaa shati la kola. Nikafunga tai, nikaifungua, nikaifunga tena.

Nikaingia sebuleni kuchukua maji, nikamkuta mama mkwe amekaa kwenye kochi, mkoba uko mapajani.

"Shikamoo, mama. Leo hukufungua dobi?"

"Marahaba, mwanangu. Mashine imetembea ikang'oa bomba. Nimefunga. Nikasema nije nikae na fedha zangu kidogo, zinipe moyo."

"Mama, hilo kochi nataka kulipulizia dawa. Lina kunguni."

"Mbona sikuumwa?"

"Wameanza jana."

"Waache waje, wakinikuta hapa watahama wenyewe." Akajiweka sawa, akavuta na mto mgongoni. "Hiyo tai ya nini? Kuna msiba?"

Kabla sijajibu nikasikia mtu anabisha hodi barazani, anasukuma makochi ya watu apate pa kupita.

Dada wa benki hakuwa nilivyomfikiria. Nilitarajia mtu wa miwani na sura ya hukumu. Huyu alikuwa msichana mwenye uso wa ucheshi, viatu vya raba, begi mgongoni, na alikuwa amekwama kati ya kochi la mbwa na ukuta.

Nikamkomboa. Nikamnong'oneza, "Ndani kuna mteja, anajaribu kochi. Tuongelee hapahapa."

"Hapa hakuna hata pa kusimama, bwana mkurugenzi."

Akaingia. Nikakimbia mbele yake nikamwinamia mama mkwe sikioni. "Mama, huyu ni mteja. Anatafuta kochi."

Kwa hiyo sasa sebuleni kwangu kulikuwa na wateja wawili na hakuna mwenye nyumba. Nikawakaribisha chai, wakakubali wote, nikaogopa kwenda jikoni kuichemsha. Nikabaki nimesimama kati yao nimeshika birika tupu.

Dada wa benki akakaa pembeni ya mama mkwe, akalibonyeza kochi kwa kiganja. "Mama, unalionaje? Zuri?"

"Zuri sana," akasema mama mkwe. "Ila hili haliuzwi, binti. Chagua mojawapo ya yale ya nje."

"Haliuzwi? Mbona wewe unalijaribu?"

"Mimi silijaribu, nimelikalia. Hapa ni kwa binti yangu. Mimi ni mama mkwe wake huyu unayemwona amekumbatia birika."

Dada wa benki akanigeukia polepole. Ule ucheshi haukuondoka usoni, uliongezeka, na ndiyo maana niliogopa.

"Mama umerudi lini safari?"

"Safari gani?"

"Mama," nikasema, "huyu dada ana haraka."

"Sina haraka," akasema dada wa benki. Akatoa kitambulisho chake cha kazi akamwonyesha mama mkwe kwa heshima zote. "Mimi natoka benki, mama. Tunafanya uhakiki wa kawaida tu wa fedha za mkweo. Nina swali moja kwako, halafu nitaondoka."

Nilidhani mama mkwe atapiga kelele akisikia neno benki. Hakupiga. Alishika vizuri mkono wa kochi, akakaza miguu sakafuni, kwa jinsi mtu anavyokaa akisikia wanataka kumhamisha.

"Huyu amefanya nini?"

"Bado hatujajua. Tunataka kujua kama ni mtu wa kuaminika kwenye fedha za watu."

Hapo mama mkwe akanitetea. Laiti angenitukana. Mwanamke ambaye wakati naposa alimwambia binti yake kwamba mafundi wote ni waongo, siku hiyo akafungua kinywa akanisifu mbele ya mtu wa serikali ya fedha, na kila sifa ilikuwa inanizika.

"Sikiliza, binti. Mimi benki zenu siwapi hata sarafu. Lakini huyu nimempa jasho langu lote anishikie, fedha za mashine zangu za dobi. Mpaka leo hajagusa hata noti moja. Siku hizi utampata wapi mkwe kama huyo?"

"Hajagusa?"

"Hata moja."

"Ziko wapi, mama?"

Mama mkwe akatabasamu. Akapigapiga kiti cha kochi pale kati yake na mgeni. "Tumezikalia, mimi na wewe."

Nataka muelewe vizuri jinsi nilivyobanwa, maana mimi mwenyewe ilinichukua muda. Ikiwa fedha za mama mkwe ziko ndani ya kochi, basi zile za kwenye kadi hazina mwenyewe, na mimi ni mhalifu wa aina ambayo hata sijui inaitwaje. Ikiwa fedha za mama mkwe ndizo zile za kwenye kadi, basi kochi ni tupu, na aliyenisifu sasa hivi atajua kwamba amekuwa akilinda springi wiki nzima. Hakukuwa na jibu la tatu. Nililitafuta hata ndani ya birika.

"Bwana mkurugenzi," akasema dada wa benki, "jana uliniambia nini kuhusu fedha za mama?"

"Jana simu ilikuwa inakatika."

"Mimi nilikusikia vizuri."

"Alisema nini?" mama mkwe akauliza.

Nikaona machozi yananikaribia, kweli kabisa, si kwa sababu ya benki. Ni kwa sababu yule mama alikuwa ananitazama kwa kuniamini, na mimi nilikuwa nimezoea kutazamwa naye kama bili ya maji.

Dada wa benki akafunga kalamu yake. "Basi turahisishe. Mama anasema zipo. Lifumue tuone. Zikiwepo, nimwombe mama msamaha, tubaki mimi na wewe. Zisipokuwepo, pia tutakuwa tumejua kitu."

"Kufumua kochi ni kazi ya nusu siku," nikasema.

"Mwongo," akasema mama mkwe kwa upendo. "Mimi nilikaa hapa nikakuona. Hata chai haikupoa." Akainuka, mara ya kwanza siku ile. "Lifumue, mwanangu. Aone kwamba kwenye familia yetu mtu akisema kitu, kipo."

Akanipa mkasi kutoka kwenye mkoba wake. Dobi hatembei bila mkasi.

Nikapiga magoti. Nikauondoa mto wa kiti. Moyoni nilishajua nitakachokuta: vipande vya sponji nilivyojaza siku ile ili kiti kisibonyee. Nilikuwa napanga uongo wa kusema. Panya walikuwa wa kwanza kunijia akilini. Nikafikiria pia kuzimia, nikaona zulia ni chafu.

Nikaweka ncha ya mkasi kwenye mshono. Nikasita.

Ule mshono haukuwa wangu.

Mimi nashona kwa sindano iliyopinda, uzi unajificha ndani, huuoni hata ukiutafuta. Huu ulikuwa umeenda juu juu, mapigo mafupi yaliyobanana, na mwishoni mafundo mawili moja juu ya jingine. Uzi wa bluu. Ule mshono ninaujua. Umo kwenye pindo za sare za shule za watoto wangu, na kwenye kifungo cha shati nililokuwa nimevaa.

"Vipi?" akauliza mama mkwe.

"Mkasi ni butu."

"Huo mkasi ni mkali kuliko wewe."

Nikakata. Nikaingiza mkono. Sponji zangu hazikuwepo. Vidole vikagusa kitambaa laini, kilichojaa, kizito. Nikavuta, ikatoka foronya. Haikuwa ile nyeupe ya mama mkwe. Ilikuwa ya maua, ya kitandani kwetu, ambayo mke wangu aliniambia imepeperuka kwenye kamba ya nguo, na mimi nikatoka kwenda kuitafuta mtaa wa pili.

Ilikuwa imejaa noti.

Sikuelewa chochote. Nawaambia tu nilichofanya, ambacho ni kukaa sakafuni na tai yangu nikiwa nimepakata foronya.

"Foronya yangu ilikuwa nyeupe," akasema mama mkwe.

"Nilibadilisha, mama. Nyeupe inachafuka upesi." Mdomo wangu umezoea, siku hizi unadanganya bila kunishirikisha.

Akaichukua, akaketi, akaanza kuhesabu kwa vidole vya mtu aliyehesabu mashuka ya wageni maisha yake yote. Dada wa benki alimtazama yeye, halafu akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatabasamu.

"Nisamehe, mama," akasema. "Fedha zako zipo." Akafungua kalamu. "Kwa hiyo, bwana mkurugenzi, narudi kwenye zile za kadi. Hizo sasa ni za nani?"

"Zimezidi," akasema mama mkwe.

"Nini?" tukauliza kwa pamoja, mimi na benki.

"Hizi. Zimezidi nilizokupa." Akanitazama kwa jicho la huba ambalo mke wangu mwenyewe alishaacha kunitazama nalo. "Umeniongezea, baba. Umeniongezea na hukusema." Akazirudisha kwenye foronya, akaifunga fundo, akaitia kwenye mkoba wake, akasimama. "Hatungoji Ijumaa. Naenda kulipa mashine sasa hivi."

Ningefanya nini? Nikimwacha aende, anakwenda na fedha zisizo zake, za mtu ambaye bila shaka alizificha kwa sababu. Nikimzuia, lazima niseme kwa nini. Nikasimama mlangoni nimetanua mikono.

Na nyuma yangu mlango ukafunguka.

Mke wangu. Kitambulisho cha kliniki bado kinaning'inia shingoni. Jirani wa ghorofa ya pili alikuwa amempigia, nimekuja kujua baadaye, kumwambia kuna mgeni wa benki na mume wake amevaa tai.

Akaliona kochi limepasuliwa, uzi wa bluu uko sakafuni. Akauona mkoba wa mama yake ulivyovimba. Akamwona dada wa benki na karatasi zake. Mwisho akaniona mimi, na macho yake hayakuuliza chochote. Ili mtu ashone kitu ndani ya lile kochi, ilibidi kwanza alifumue na akute nilichokuwa nimekiacha. Alikuwa anajua. Muda wote niliokuwa nalala vizuri, yeye alikuwa anajua.

"Mama Pacha," nikaanza.

"Ngoja."

Akavua viatu taratibu. Akamshika mama yake mkono, akamrudisha akae. Akaketi kwenye ile nafasi iliyobaki, kati ya mama yake na dada wa benki, juu ya springi tupu, wala hakushtuka zilipolia.

"Wewe ndiye unayeandika?" akamuuliza dada wa benki.

"Ndiyo, dada."

"Vuta karatasi mpya. Hapa kuna mambo mawili, na mume wangu analijua moja tu."